Kilo Moja ya Sukari, Mti Mmoja

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa binti, nilikuwa muuzaji katika duka la ushirika pale Tunduma, na kazi yangu kubwa ilikuwa kusema hakuna. Mtu aliingia akaulizia sabuni, nikamwambia hakuna. Akaulizia mafuta ya kupikia, hakuna. Akaulizia vitakuwepo lini, nikamwambia aje wiki ijayo, naye wiki ijayo alikuja kweli, nikamwambia hakuna. Nisilisingizie duka kwamba lilikuwa tupu. Tulikuwa na majembe yasiyo na mipini, viberiti vilivyonyonya unyevu ghalani mpaka vikakataa kuwaka, na makopo mengi ya rangi ya kijani ya kupaka milango, katika mji ambao nyumba nyingi zilifungwa kwa mabati yaliyonyooshwa.

Meneja wangu alikuwa ametoka mkoa mwingine. Alivaa kaundasuti ya rangi ya ugoro na kuchomeka kalamu mbili mfukoni, moja haina wino. Alizungumza kama mtangazaji wa redio, hata alipokuwa ananiomba maji ya kunywa. Hakuwa mwizi, na hilo peke yake lilimtofautisha na waliomtangulia. Udhaifu wake ulikuwa maelezo. Hakuna jambo lililotokea duniani ambalo yeye alikosa maelezo yake. Sukari ilipokosekana alieleza kwa nini, na ulipomaliza kumsikiliza ulijiona mroho kwa kuitaka.

Siku moja habari zikaenea kwamba lori limetoka Mbeya, na safari hii lina sukari. Kabla jua halijatoka foleni ilikuwa imeshafika barabarani. Haikuwa foleni ya watu, ilikuwa ya mawe, vikapu, kandambili zilizokatika na masufuria yaliyotoboka. Kila kitu kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mahali fulani anaota moto akikiangalia. Kikapu kimojawapo kilikuwa cha mama yangu.

Mama alikuwa mkulima wa kahawa kule Hasamba. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyependa kukaa bure, na alikuwa amekuja kulala kwangu kwa ajili ya sukari hiyo tu. Mdogo wangu wa kike alikuwa ameposwa, na wazee wa upande wa mwanamume walikuwa wanakuja kumaliza mazungumzo. Sisi wenyewe nyumbani tulishazoea kunywa chai kwa chumvi. Lakini wakwe huwapi chai ya chumvi, hata kama na wao wanainywa kwao.

Lori lilipofika yalishushwa kwanza magunia ya sukari, wanawake wakapiga vigelegele. Halafu yakaanza kushushwa masanduku ya mbao. Yakashuka, yakaendelea kushuka, mpaka yakawa mengi kuliko magunia. Watu wakabashiri. Mmoja akasema ni sabuni ya mche, akaapa kwamba anaisikia harufu. Vigelegele vikapanda tena. Meneja akaagiza sanduku moja lifunguliwe pale pale nje ili wananchi waone matunda ya subira yao, na kwa kuwa hatukuwa na nyundo, tulilibandua kwa jembe lisilo na mpini.

Ndani, juu ya majani makavu, kulikuwa na mti.

Ulikuwa mti mzima, una shina lililopinda, una matawi na majani madogo madogo kama ya ule mti wa Krismasi unaopandwa uani mwa kanisa. Ila urefu wake haukuzidi kiganja. Ulikuwa umepandwa katika bakuli la udongo wa kahawia lililong'arishwa, na juu ya udongo yalikuwa yametandazwa mawe meupe, madogo, mazuri. Juu ya mawe hayo aliketi mtu wa kufinyanga, mzee mwenye kofia pana, ameshika kijiti chenye uzi. Alikuwa anavua samaki.

Nyuma kabisa sauti ya mwanamume ikauliza, "Anavua nini juu ya mawe?"

"Sukari," mwanamke mmoja akamjibu.

Meneja akapanda juu ya sanduku. Najua kwamba hata yeye alikuwa anauona mti ule kwa mara ya kwanza, kwa sababu nilimwona akimeza mate. Lakini maelezo hayakumpiga chenga.

"Ndugu wananchi," alisema, "huu ni mti wa sebuleni. Katika nchi zilizoendelea kila nyumba inao. Msiuone mdogo. Umri wake ni mkubwa kuliko wengi wenu mliosimama hapa. Umezuiwa tu usirefuke."

Mzee mmoja aliyekuwa amesafiri toka Mbebe, bado ana vumbi la njiani kwenye kope, akanyoosha mkono kwa adabu. "Umezuiwa kwa kosa gani?"

"Si kosa, mzee. Ni sanaa."

"Na ukikomaa unatoa nini? Tunda? Mbao?"

"Unatoa uzuri," meneja alisema, kisha akateremka haraka toka juu ya sanduku kabla swali lingine halijamfikia. Alipokwisha kuingia ndani ndipo akanituma mimi nikatangaze sehemu iliyobaki, kwamba kila atakayechukua kilo moja ya sukari atachukua na mti mmoja, na kwamba sukari peke yake haiuzwi.

Nilitangaza. Nilitazamwa kama ninavyodhani hutazamwa mtu anayeleta habari za msiba na kicheko mdomoni. Hata hivyo hakuna aliyeondoa jiwe lake kwenye foleni. Mpaka saa sita nilikuwa nimeshatoa miti kwa watu ambao maisha yao yote walikuwa wanakata miti ili wapate mahali pa kupanda mahindi.

Kila mtu alipewa na maelekezo. Chini ya bakuli palikuwa na karatasi iliyobandikwa, yenye maandishi kama vijiti vilivyoanguka, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuyasoma, lakini meneja aliyatafsiri bila kusita. Maji kijiko kimoja asubuhi. Usiuweke juani wala gizani. Usiuhamishe ovyo. Na uupende. Hilo la mwisho alilisema kwa mkazo. Mimi nililirudia kwa wateja siku nzima, mpaka kijana mmoja wa stendi akaniambia kwamba mke wake mwenyewe hapewi masharti yote hayo.

Wajanja walivuka mpaka siku hiyo hiyo, wakaingia Nakonde na miti kwapani wakitafuta wa kubadilishana naye kwa sabuni. Mama mmoja wa Kizambia mwenye meza ya sabuni aliushika mmoja, akaugeuza, akamtazama yule mvuvi, akaurudisha taratibu. "Awe, mukwai," alisema, yaani hapana, samahani sana. Akaongeza kwa Kiswahili chake cha sokoni kwamba miti kwao ipo. Wakarudi nayo.

Wengine waliipanda uani ili irefuke ikafidie muda wake. Jirani yangu alimpa mbuzi wake mti ule, mbuzi akanusa akaondoka, na mbuzi yule nilikuwa nimewahi kumwona akila gazeti. Wengi lakini waliiweka ndani kama walivyoelekezwa, mezani, juu ya kitambaa cha kufuma, na kila asubuhi wakainywesha kijiko. Baada ya majuma machache mji mzima ulikuwa na swali moja ambalo hakuna aliyependa kulisema kwa sauti. Mti ulikuwa bado wa kijani, lakini ukiugusa majani yalitoa mlio kama karatasi.

Mama aliusafirisha wake mpaka Hasamba akiwa ameupakata kwenye basi. Niliposema autupe njiani alinikasirikia. Alisema yeye hajawahi kushindwa na mti. Aliuweka katika chumba cha mbele, karibu na dirisha, na baadaye nilisikia kwamba aliusogeza mara upande huu mara upande ule, akaurudisha, akawa anaufunika kitambaa usiku kwa sababu ya baridi. Mti ulizidi kukakamaa. Kahawa yake ilikuwa imestahimili ukame, wadudu na bei, na sasa alikuwa anashindwa na kitu cha kuwekwa juu ya kiganja. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema.

Siku ya wakwe niliomba ruhusa nikaenda. Chai ilikuwa ya sukari, tena ya sukari ya kutosha, na mama aliimimina kwa mkono uliotulia kama mtu ambaye sukari haijawahi kumwishia. Mti ulikuwa katikati ya meza. Mshenga wa upande ule alikuwa mzee mwenye heshima zake na macho ambayo yalikuwa yameanza kumwacha. Mazungumzo yalikuwa yamekwama kidogo kwenye habari ya ng'ombe. Ili asionekane ana pupa ya kujibu, mzee alinyoosha mkono kwenye bakuli, kama mgeni yeyote anavyofanya akiona kilichowekwa mezani. Aliyaona yale mawe meupe akadhani ni mbegu za maboga zilizokaangwa.

Alijaribu kuchukua chache. Hazikutoka. Akabana vizuri zaidi akavuta. Tuliokuwa tumekaa kwenye mkeka tuliona, lakini nani angethubutu kumwambia mkwe kwamba anakula mawe? Akavuta kwa nguvu. Mawe yote yakanyanyuka pamoja kama kifuniko cha sufuria, na mti ukanyanyuka nayo, na yule mvuvi akiwa amekaa vilevile hajatikisika, na chini yake mizizi ikaning'inia hewani.

Mzee alikaa ameushika mti, akiusogeza karibu na uso wake na kuuondoa. Mdogo wangu, ambaye kwa desturi alitakiwa awe jikoni na asionekane, alichungulia mlangoni na kukimbia akiwa amejiziba mdomo.

"Nimeng'oa mti wa watu," mzee alisema. "Nimeingia nyumba ya watu kuomba, nikang'oa mti wao. Nitaongeza kuku."

"Hapana, baba," mama alisema. "Naomba nione."

Aliupokea akausogeza mlangoni kwenye mwanga. Mawe yalikuwa yamegundishwa. Yote yalikuwa yameshikana kwa gundi ngumu kama kioo, gundi hiyo ikazunguka shina, na vijiko vyote vya maji alivyovitoa kila asubuhi vilikuwa vinaishia juu ya gundi na kukaukia pale. Chini udongo ulikuwa mkavu kama unga wa ugoro. Bakuli halikuwa na tundu chini, kwa hiyo hata maji yangepita yasingepata pa kutokea. Mizizi ilikuwa imekatwa karibu yote, iliyobaki ikafungwa waya kama mzigo wa kuni. Mama alikwangua shina kwa ukucha. Chini ya gome hapakuwa na ubichi hata kidogo.

"Huu mti haujafia kwangu," alisema polepole. "Ulikuja maiti."

Nilidhani ataona aibu mbele ya wageni. Kumbe ilikuwa nafuu. Alirudi akakaa, akamweleza mshenga jinsi ulivyopatikana, toka kikapu kwenye foleni mpaka masharti ya kuupenda. Mzee alisikiliza, mabega yakaanza kumtikisika, na mwisho akacheka mpaka akalazimika kufuta macho kwa shuka lake. Upande wetu wakacheka, upande wao wakacheka. Habari ya ng'ombe iliyokuwa imekwama ikaisha kabla chai haijapoa. Mdogo wangu akaolewa baada ya mavuno, na mpaka leo yuko kwa mume wake.

Lakini mama hakuwa amemaliza. Juma lililofuata nilikuwa kaunta nikisema hakuna, nikamwona anaingia na fuko. Alinisalimia kama mteja anavyomsalimia muuzaji, nikajua kuna vita. Akautoa mti, akaulaza mbele ya meneja kwenye kaunta, mizizi ikimwelekea yeye.

"Baba," alisema, "nilikuja hapa kununua sukari."

"Na uliipata, mama."

"Niliipata. Na hiki nacho nilikipata. Nimekirudisha. Nipe sabuni."

"Sabuni hakuna, mama. Na bidhaa ikishatoka dukani hairudi. Inaelekea hukufuata maelekezo."

"Niliyafuata. Kijiko kimoja asubuhi. Hebu mwaga kijiko hapa juu ya mawe, tuone kinakwenda wapi."

Watu waliokuwa wamejipumzisha kwenye baraza walikuwa wameshaingia. Meneja alitazama mawe, akatazama waya, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu aliyatafuta maelezo asiyaone mara moja.

"Hiyo gundi ni utaalamu," alisema mwishowe. "Inazuia mawe yasimwagike safarini."

"Na waya?"

"Waya unaupa mti nidhamu."

"Mti huu umeshikwa shingo, ukakatwa miguu, ukanyimwa maji, halafu sisi tukaambiwa tuupende," mama alisema. "Aliyefanya hivi hakuwa na shida na mti. Alikuwa na shida ya kuuza."

Baraza zima likaitikia. Meneja akanyoosha kaundasuti yake na sauti ya redio ikamrudia. Alimwambia mama kwamba hizi ni siku ambazo watu wanahujumu uchumi kwa njia nyingi, na kwamba kuitangaza bidhaa ya umma kuwa mbovu mbele ya wananchi ni njia mojawapo. Pale pale wawili kati ya watu wakakumbuka wana shughuli. Kila mtu alijua maana ya neno lile la kuhujumu katika mwaka ule, na alijua jirani fulani aliyekamatwa kwa sababu ya kukutwa na mabati.

Mama akaniambia mimi, kwa Kinyiha, kwamba angekuwa na mtoto mdogo mwenye maneno kama ya huyu bwana angemlaza mapema. Akaondoka. Mti akauacha kaunta. Nilikuwa nimejawa na hofu kwa ajili yake na hasira juu yangu mwenyewe, na niliendelea kufuta vumbi ambalo halikuwepo mpaka meneja alipokwenda kula.

Haukupita muda tukaambiwa kuna mgeni mkubwa kutoka wilayani anakuja kukagua duka, na kwamba amesikia sifa za ile miti. Nani alimpa sifa hizo sijui. Miti iliyobaki ghalani ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya majani ya tumbaku. Meneja aliizunguka asubuhi yote. Halafu akavua koti la kaundasuti, akachukua kopo la rangi ya kijani ya kupaka milango, akatafuta brashi ndogo, akaketi juu ya gunia. Alipaka mti mmoja, jani kwa jani, ulimi umemtoka kidogo pembeni mwa mdomo. Akapaka wa pili. Lazima niseme kweli kwamba kwa kazi ile alikuwa na mkono mzuri. Na yule mvuvi naye alimpaka kofia.

Mgeni alifika na msafara wake. Hakuuliza kwa nini rafu ni tupu. Alisimama mbele ya mti uliopakwa akaweka mikono nyuma.

"Unang'aa," alisema.

"Ni matunzo, ndugu," meneja alijibu.

Mgeni akawageukia wananchi na kusema kwamba haya ndiyo yanayowezekana mtu akiwa na moyo. Akasema kuna watu wanaolalamika kwamba miti hii inakufa, lakini huyu hapa, kwa mikono yake mwenyewe, katika mazingira haya haya, ameuweka hai. Wananchi walipiga makofi. Nilikuwa karibu nao, na wengi walikuwa wanauma midomo, kwa sababu harufu ya rangi ilikuwa imejaa duka zima. Mgeni aliondoka na mti ule kwa ajili ya mke wake, ameubeba mwenyewe, na akiingia kwenye Landrover niliona ana alama ya kijani kwenye kidole gumba, akaifutia kwenye leso bila kuiangalia.

Baada ya miezi michache meneja alihamishiwa duka kubwa zaidi, mjini, kwa sababu ya matunzo. Tulimuaga kwa karamu ya soda, zilizovushwa toka Nakonde. Alihutubia.

Nami niliacha kazi mwaka uliofuata, nikaingia biashara ya vitenge mpakani, ambako angalau niliposema hakuna ilikuwa kweli nimeuza vyote. Miaka mingi baadaye nilimkuta meneja kituo cha mabasi Mbeya, amestaafu, kaundasuti imebaki moja na kalamu hakuna. Alinitambua kabla mimi sijamtambua. Tukakaa kwenye benchi tukisubiri mabasi tofauti. Nilimnunulia chai, nikamwuliza jambo ambalo nilikuwa nimelibeba muda wote huo, kwamba kwa nini alitufungia sukari na miti.

Alikoroga chai.

"Binti, unadhani mimi niliipataje sukari?" alisema. "Pale ghalani nilipokwenda kuchukua mgao, niliambiwa kila gunia na masanduku yake. Nikikataa masanduku, narudi na lori tupu. Na yule wa ghalani aliniambia naye alipewa hivyo hivyo."

"Ungetuambia hivyo siku ile. Mama yangu angekuelewa."

"Mbele ya foleni ile?" Alitikisa kichwa. "Nisimame juu ya sanduku niwaambie nimelazimishwa? Wangeniuliza nani kanilazimisha."

Basi lake likaita abiria. Aliinuka, akanishukuru kwa chai, kisha akaniuliza kama mama bado yupo. Nilimwambia yupo, na bado analima. Aliniomba nimsalimie, akafikiri kidogo, akasema bora nisimtajie ni nani aliyemsalimia, akaenda kutafuta kiti cha dirishani.